Seli Zinazogoma Kufa

Jino la mtoto wa miaka saba likilegea, mzazi hashtuki. Huo ndio umri wa kung'oka meno ya utotoni. Kwa sababu hiyo saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt hupata mahali pa kujificha katika vijiji vya Ndhiwa, Mbita, Nyatike na Rongo: jino la kwanza linacheza, la pili linacheza, shavu linavimba upande mmoja, na mtoto anapelekwa kung'olewa. Meno yanatoka, uvimbe unabaki. Nao uvimbe huu hauna subira. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na ni vigumu kupata saratani ya binadamu inayokua upesi kuliko hii.

Katika kaunti zenye vijiji hivyo, Homa Bay na Migori, kuna saratani nyingine isiyo na haraka hata kidogo. Mtu wa miaka hamsini anaona damu chooni. Anasema ni bawasiri. Duka la dawa linampa vidonge vya amiba, mara nyingine mafuta ya kupaka. Damu inakoma, kisha inarudi. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kilichoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na kinyama hicho huweza kuchukua takriban miaka 10 kabla ya kugeuka saratani kamili.

Waulize watu ipi ni ya kuogopwa zaidi, wengi watataja ile ya kasi. Wana haki nusu. Ile ya kasi, mtoto akifikishwa hospitalini mapema na dawa zikapatikana, huyeyuka mbele ya macho ya daktari. Ile ya polepole, ikishafika kwenye ini, hupigwa dawa mwezi baada ya mwezi na bado ipo. Kasi ya kukua haitoshi kueleza ubaya wa saratani. Kuna jambo la pili, ambalo sayansi imelielewa katika miaka hamsini hivi iliyopita: jinsi seli inavyokataa kufa. Ukaidi huo una protini zake, zenye majina, na zinaweza kupimwa katika kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa.

Mtu mmoja aliziandama saratani zote mbili. Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland, akapoteza jicho moja utotoni, akasomea udaktari Trinity College, Dublin, na mwaka 1946 akaja Uganda kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata Burkitt aliandika juu ya uvimbe huo. Kisha, mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250 wakazunguka wiki 10, kiasi cha maili 10,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza swali moja: mmewaona watoto wa namna hii? Ugonjwa ulifuata joto na mvua, ukapenda nyanda za chini na kuiepuka milima. Ukanda wa Ziwa Victoria ulikuwa ndani kabisa ya ramani hiyo. Burkitt mwenyewe alidhani ni kirusi kinachoenezwa na mbu. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyewachunguza watoto wa Kenya wenye limfoma hii, alielekeza kidole kwenye malaria.

Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na mmoja wa waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein. Aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya walichokiona ndani ya seli hizo, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Hakienezwi na mbu. Kinapita kwa mate. Karibu kila mtoto wa Nyanza anakipata akiwa bado mdogo sana, na zaidi ya watu wazima 9 kwa kila 10 duniani wanaishi nacho bila habari. Kirusi peke yake, basi, hakitoshi kuleta saratani. Malaria peke yake haitoshi pia, maana watoto wangapi wa Muhuru au Rusinga hawajaugua malaria?

Malaria inayorudi mara kwa mara hulazimisha seli fulani za kinga, zile zinazotengeneza kingamwili, ziongezeke bila kupumzika. Seli hizi zina desturi ya kuikata DNA yao wenyewe kwa makusudi ili zitengeneze kingamwili bora zaidi. Kazi ya kukata na kuunga ikirudiwa mno, siku moja kipande cha kromosomu ya 8 huungwa kimakosa kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Hapo jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike, huwashwa na haizimiki tena.

Hadi hapo mtu angedhani hadithi imekwisha: jeni imewaka, seli inagawanyika, saratani hiyo. Lakini mwaka 1992 Gerard Evan na wenzake walionyesha kwamba MYC ikizidi, seli nyingi hujiua. Mwili uliweka ulinzi palepale kwenye hatari: kinachoisukuma seli igawanyike ovyo ndicho kinachoisukuma ife. Seli yenye MYC iliyowaka ingepaswa kuwa maiti kabla haijafika mbali. Swali la msingi likawa lingine kabisa: kwa nini bado hai?

Seli kujiua si ajali. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, kutoka Aberdeen, Scotland, walieleza kifo cha seli kilicho na utaratibu: seli inanywea, DNA yake inakatwakatwa, inavunjika vipande vilivyofungwa vizuri, na seli za jirani zinavimeza bila uvimbe wala usaha. Mabilioni ya seli zako zimekufa hivyo tangu jana. Kinachoamua ni protini zilizo kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nguvu. Mbili kati yake, BAX na BAK, zinaweza kutoboa ukuta wa mitokondria. Ukishatobolewa, vimeng'enya vya kukatakata vinaachiliwa na hakuna kurudi nyuma. Nyingine, BCL-2, BCL-XL na MCL-1, huzishika hizo mbili zisifanye kazi. Na kuna kundi la tatu, BIM ikiwa mojawapo, linalokuja kuwabandua washikaji. Fikiria ugomvi kilabuni: mtu ana panga mkononi, wenzake watatu wamemkumbatia asirushe, na wengine wanafika kuwavuta hao watatu. Panga litapiga au halitapiga? Inategemea idadi na nguvu za kila upande, si mwenye panga peke yake.

Ugunduzi wa BCL-2 ulibadilisha fikra za wanasayansi wa saratani kuliko wengi wanavyojua. Hadi miaka ya 1980 jeni za saratani zilihesabiwa kuwa ni zile zinazochochea seli kugawanyika. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams, kule Melbourne, Australia, waliiweka BCL-2 ndani ya seli za damu wakaona jambo geni: seli hazikuongezeka, ila zilikataa kufa hata zilipokosa lishe yake. Wakiiunganisha na MYC, moja ikisukuma na nyingine ikizuia kifo, zinapatikana seli zisizokoma.

Je, seli za taya la mtoto wa Ndhiwa hufanya vipi? Zina hila zake. Kirusi cha Epstein-Barr kinaweza kuifunga jeni ya BIM isisomeke. Mwaka 2005 watafiti wa Cold Spring Harbor, Marekani, walionyesha hila nyingine: katika uvimbe fulani wa Burkitt, MYC yenyewe imepata kasoro inayoiachia uwezo wa kusukuma mgawanyiko lakini inashindwa kuiita BIM. Katika uvimbe mwingine imevunjika p53, protini inayoikagua DNA na kutoa amri ya kifo pale inapoiona imeharibika vibaya.

Hata hivyo kuna kitu uvimbe huu kwa kawaida hauna: BCL-2. Mtaalamu wa maabara akikata kipande chembamba cha nyama, akakipaka kingamwili zinazogeuka rangi ya kahawia zikikutana na protini inayotafutwa, hukuta karibu kila seli ina Ki-67, alama ya kwamba inagawanyika, huku BCL-2 haionekani au ni hafifu sana. Picha hiyo ni mojawapo ya njia za kuitambua limfoma ya Burkitt na kuitenga na zinazofanana nayo. Vilevile inasaidia kueleza jambo lililowashangaza madaktari wa Kampala na Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Burkitt akitumia dawa iitwayo siklofosfamidi, na Peter Clifford akijaribu dawa za aina hiyo Nairobi, waliona uvimbe mkubwa ukinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona moja kwa moja, wakati ambapo duniani kote ni wachache waliozungumza kwa uhakika juu ya kuponya saratani kwa dawa.

Seli hizi huishi ukingoni mwa kifo. Dawa ikizisukuma kidogo, zinaanguka kwa pamoja. Zinaanguka kwa wingi kiasi kwamba taka za seli zilizokufa huweza kuziba figo za mtoto, na ndiyo maana hospitali humjaza maji kwa dripu kabla na baada ya dozi ya kwanza. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kwa kila 10 wenye limfoma hii wanapona. Katika sehemu nyingi za Afrika ni nusu au pungufu, na kosa haliko kwenye seli. Liko kwenye wiki zilizopotea nyumbani, nauli, dozi zinazokatika katikati, maambukizi wodini. Hasira yangu, kama mwandishi ana ruhusa ya kuwa nayo, iko hapo: saratani iliyo rahisi kuyeyuka kuliko nyingi inaua watoto kwa sababu zisizo za kisayansi.

Sasa tuuangalie utumbo mpana. Ukuta wake wa ndani una vishimo vidogo vingi. Seli mpya huzaliwa chini ya kishimo, hupanda juu, na zikifika kileleni hufa au kubanduka. Ukuta mzima hubadilishwa kila baada ya siku nne au tano hivi. Kifo ndicho usafi wa utumbo. Saratani huanza pale seli inapokataa kuondoka. Jeni iitwayo APC huharibika kwanza katika wagonjwa wengi, kinyama kinaota, kisha kasoro zinajikusanya mwaka kwa mwaka, na katika takriban nusu ya saratani hizi p53 inavunjika. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein, wa Johns Hopkins, Marekani, walizipanga hatua hizo kwa mfuatano, na mpango wao bado unafundishwa.

Miaka 10 ya kuishi mahali ambapo seli hufa kila siku huifanya saratani hii ihitimu katika ukaidi. Nyingi kati yake zina nakala za ziada za kipande cha kromosomu ya 20 kinachobeba jeni ya BCL-XL, yaani washikaji wameongezwa. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi kuhusu dawa za saratani: nyingi haziui seli zenyewe. Huiharibu DNA, kisha huiachia seli ijihukumu. Fluorourasili, iliyotengenezwa miaka ya 1950 na hadi leo ni msingi wa matibabu ya saratani ya utumbo, ni ya namna hiyo. Ikiwa mkaguzi p53 amevunjika na BCL-XL imejaa tele, dawa inafika, DNA inaharibika, na hukumu haitolewi.

Ndipo yakaja matumaini ya kupima protini hizi kwa kila mgonjwa ili kujua mapema nani dawa itamfaa. Matumaini hayo si ya bure, lakini yana mitego. Wengi walitarajia kwamba saratani ya utumbo yenye BCL-2 nyingi ingekuwa mbaya zaidi. Tafiti nyingi zikakuta kinyume: wagonjwa ambao saratani yao bado ina BCL-2 mara nyingi waliendelea vizuri kidogo. Protini moja haitoi jibu. Mizani nzima ndiyo inayotoa. Kundi la Jochen Prehn katika Royal College of Surgeons in Ireland, Dublin, mji uleule alikosomea Burkitt, lilipima BAX, BAK, BCL-2, BCL-XL na MCL-1 kwa pamoja katika uvimbe wa wagonjwa, kisha likakokotoa seli ingehitaji kusukumwa kwa nguvu kiasi gani ndipo ife. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba wale ambao seli zao zilihitaji msukumo mkubwa ndio dawa iliowasaidia kidogo.

Dawa za kuwabandua washikaji nazo zipo. Venetoclax, inayoishambulia BCL-2, iliidhinishwa Marekani 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu. Kwa utumbo mlengwa anayefaa zaidi ni BCL-XL, na hapo panatokea shida: chembe za kugandisha damu zinaitegemea protini hiyohiyo ili ziishi, kwa hiyo dawa inayoizuia humwacha mgonjwa katika hatari ya kuvuja damu.

Burkitt aliingia katika habari za utumbo baada ya kurudi Uingereza mwaka 1966. Alikumbuka kwamba katika miaka yake yote Uganda, saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra, na barua alizopokea kutoka hospitali nyingi za Afrika zilisema hivyohivyo. Mwaka 1971 alichapisha hoja yake: ni makapi ya chakula, yale tunayoyaondoa kwa kukoboa nafaka. Alirahisisha mno, kwa maoni yangu. Wagonjwa wengi wa vijijini hawakufika hospitali, na watu waliokufa na miaka arobaini hawakupata muda wa kuugua saratani ya uzeeni. Lakini kiini cha hoja yake kimesimama. Bakteria wa utumbo wakipata makapi huyachachusha kuwa butireti, ambayo ni chakula cha seli nzima za ukuta wa utumbo. Na katika maabara, butireti hiyohiyo huzisukuma seli za saratani zijiue. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walibadilishana vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa mashambani kwa wiki 2. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za makapi kwa siku hadi 55. Butireti yao iliongezeka zaidi ya maradufu, na dalili za seli kugawanyika kwa kasi katika ukuta wa utumbo zikapungua. Waafrika Kusini, waliopewa nyama na mafuta, walikwenda kinyume.

Wiki mbili! Anayesoma haya Kendu Bay hahitaji kununua kitu chochote kwenye chupa. Kuon bel, yaani ugali wa mtama, pamoja na mboga za apoth na osuga, kunde na maharagwe, humfikisha kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku ambazo uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulizihusisha na saratani chache za utumbo. Unga mweupe uliokobolewa, mandazi na chipsi havimfikishi. Anayekula mtama hajapata kinga kamili, asidanganywe na mtu. Amepunguza hatari tu.

Kwa watoto, kazi iko upande wa malaria. Ng'ambo ya mpaka wa Migori, katika North Mara, Tanzania, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982. Limfoma ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo watafiti hawakupiga vigelegele. Utafiti wa EMBLEM, uliofanyika 2010 hadi 2016 Uganda, Tanzania na Kenya, umezidi kukaza fundo kati ya malaria na ugonjwa huu. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria Ndhiwa, Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipata. Mpeleke mtoto amalize dozi zote, na neti iendelee kutumika.

Kwa mtu mzima, vipimo vya BCL-XL na wenzake bado ni vya watafiti, na hakuna haja ya kuvisubiri. Saratani ya utumbo ni miongoni mwa saratani tano zinazoongoza Kenya. Ikikatwa ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, wagonjwa 9 hivi kwa 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishasambaa mbali, ni mmoja au wawili tu, na hizo ni takwimu za Marekani kwenye kila aina ya dawa. Seli kaidi haiwezi kukaidi kisu. Najua haya iliyopo: mzee wa miaka sitini hapendi kumweleza kijana aliyevaa koti jeupe habari za choo chake, sembuse kupimwa kwa kidole. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari huyo ameshawaona wazee wengi.

Kwa hiyo, ukifika miaka 45, uliza kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ukiona damu chooni, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au umepungukiwa damu bila sababu, usikubali kupewa dawa ya bawasiri kwa mara ya pili kabla hujapimwa, hata kama una miaka thelathini. Na nyama ikikatwa, hakikisha imepelekwa maabara, fuatilia majibu, na utunze nakala yako ya karatasi hiyo nyumbani, maana hospitali ya rufaa utakayopelekwa itaanza kwa kuiomba.